Mashine Isiyopongeza

"Hongera, Mwanaidi! Bodi ya mashine yako ni nzima," kilisema kipimo.

"Nzima ya wapi, na skrini nyeusi tii!" Mwanaidi alikibwaga mezani. Sheria ya kila kifaa kumpa mtumiaji wake ushindi ilipita kabla hajazaliwa, na hakuna kipimo kilichowahi kumwambia ukweli. Ile mashine ya zamani ya michezo, ya kabla ya sheria hiyo, aliyoachiwa na marehemu baba yake, ilikuwa imemtoa jasho wiki nzima, na kila alipokosea alipongezwa.

Mwishowe alivisukuma vipimo vyote kando. Aliunga taa ndogo kwa betri na waya, akaanza kukagua njia za shaba za bodi moja moja. Chini ya chipu kubwa taa ikakataa kuwaka. Kutu ilikuwa imekula njia pale. Alilehemu kipande cha waya, akaungua kidole, akatukana. Skrini ikawaka.

Alimwita mumewe, Shebe, atoke jikoni aje kucheza. Shebe alishika kijiti cha kuchezea kwa furaha. Ndege yake kwenye skrini ililipuka, ikalipuka tena, kisha maandishi yakamwambia ameshindwa.

Shebe alisimama akisubiri pongezi, bado anatabasamu. "Mbona imenyamaza?"

"Umeshindwa, mume wangu. Anza upya."

"Mimi?" Maishani mwake hakuna kifaa kilichowahi kumwambia neno hilo. Alimtazama mkewe kwa huruma, kama mtu anayemfariji mgonjwa.

"Pole, Mwanaidi. Umehangaika sana, lakini mashine bado ni mbovu."

Akachomoa waya ukutani.