Mjusi Aliyepona

Bi Zuwena wa nyumba ya pili anaapa kwamba yule mjusi wa kufugwa alikuwa keshakufa, Tunu akamfufua kwa dawa za kwao. Hakuna dawa. Tunu, mtumishi wa ndani, alimtoa tu kwenye sanduku la kioo alimosahauliwa, akaota jua naye uani kila asubuhi, akamnywesha maji tone kwa tone. Dada Shamsa, mwenye nyumba, alimwahidi, "Akipona, utakwenda kwenu."

Leo mjusi alimrukia panzi mwenyewe, kidevu chake cha miiba kimetuna.

"Loo! Una mkono wa heri wewe!" Dada Shamsa alicheka. "Sasa ukienda, nani atamlisha?"

"Mama yangu anaumwa, dada. Nifungulie geti."

Dada Shamsa aliinamia sanduku la kioo, akamtekenya mjusi kidevu kwa ncha ya ufunguo wa geti.