Alama za Dole Gumba

Bi Tunu alirudi nyumbani kutoka kisimani akakuta ukuta wa nyumba uliopasuka umenyooka, katikati ya matofali saruji mpya tupu.

“Na ule udongo wa zamani?”

“Uliniagiza nitoe uliolegea, mama, nami nimeukwangua wote,” fundi Mabula alijisifu. “Aliyejenga hakuwa hata na mwiko. Kila mahali kabonyeza kwa dole gumba!”

Ndoo ilimponyoka. Mumewe, aliyejenga ukuta ule, alifukiwa mgodini. Hakuacha kaburi wala picha. Kila asubuhi Bi Tunu alitia dole lake katika vile vishimo, kimoja baada ya kingine.

“Umeutupa wapi?”

Fundi alionyesha mlangoni. Alikuwa ameshaumwagia maji, akaukanyaga kuziba shimo. Bi Tunu alipiga magoti akapapasa. Juu ya udongo mbichi zilijaa nyayo za fundi.