Tandu Mweupe wa Pango la Chumvi

Jerop alimshika tandu kwa koleo, akamviringisha kwenye unga wa mahindi kama samaki anayesubiri mafuta. Tandu akawa mweupe hadi ncha za miguu.

"Vumilia," Jerop alimwambia. "Ni kwa leo tu."

Ilikuwa Ijumaa, mwaka 2004. Jumatatu malori yangekuja kulivunja pango na kubeba mawe ya barabara. Humo ng'ombe wake saba walilamba chumvi, na kabla yao ng'ombe wa mama yake. Lakini Mwalimu Makokha, mtu wa Bungoma aliyefundisha sayansi shule ya jirani, aliiandikia ofisi ya wanyamapori ya Kitale barua: ati ndani mna tandu mweupe asiye na macho, hapatikani kwingine. Ofisi ikamtuma Madam Wacuka aje ahakikishe. Asipoonyeshwa tandu, malori yaje.

Jerop aliwahi kufika, akamwacha tandu wake karibu na mlango wa pango.

Saa nne Wacuka akashuka garini na viatu vya kisigino. "Mleteni hapa nje. Mimi na wadudu, hapana."

Makokha aliingia moja kwa moja hadi gizani, akainua jiwe moja tu, akatoka na chupa.

Wacuka alichungulia kwa mbali. "Ni mweupe kweli. Funika bana, funika!" Akaandika, akagonga muhuri: pango lisiguswe.

Gari lilipopotelea kwenye mahindi, Jerop alishindwa kujizuia. "Mwalimu, nisamehe. Huyo ametoka jikoni kwangu. Nilimpaka unga."

Makokha alicheka hadi akakaa chini. "Wako nimemkuta mlangoni, Nyanya. Siafu wanamla pamoja na unga wake. Huyu ni wangu. Nilimpaka chaki jana, nikamficha chini ya jiwe."

"Kumbe hata barua ni ya uongo? Mwalimu mzima!"

"Na wewe, mama wa kanisa!"

Wakamhurumia mdudu. Wakamtoa chupani, wakamweka juu ya jiwe bapa, wamwoshe chaki aende zake. Jerop alimmwagia kikombe kizima cha maji, kisha cha pili.

Tandu alibaki mweupe.

Makokha akaacha kucheka. Alivaa miwani, akainama kumtazama kichwani, akatafuta macho upande huu, akatafuta upande ule. Hakuwa nayo.