Shahada Kabla ya Darasa la Saba

Dini ilifundishwa shuleni tu, na mzazi aliyemfundisha mwanawe nyumbani alinyang'anywa mtoto. Kila mwanafunzi alivaa bangili ya serikali iliyosikia kila neno.

Asubuhi ile, mjini Kondoa, Bibi Tabu alikuwa anakata roho nyumbani kwa bintiye, Rukia. Alimshika mkono mjukuu wake.

"Nasra, mama yangu, nitamkie shahada. Nataka kuisikia kwako."

Nasra akaanza kulia. "Siijui, Bibi. Tutafundishwa darasa la saba."

Bibi akageuza uso ukutani.

Rukia aliitazama ile bangili, akajikaza, akashindwa. Akapiga magoti, akaitamka shahada taratibu, na Nasra akamfuatisha kwa sauti nyembamba. Midomo ya Bibi ikacheza pamoja nao, kisha ikatulia.

Bangili ikawaka nyekundu.

Rukia alimfumba mama yake macho, akamfunika shuka. Halafu akashusha begi kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nguo za Nasra.

"Mama, tunakwenda wapi?"

Rukia hakuinua uso. "Lete na sweta lako, mwanangu," alisema. "Sijui kama huko kuna baridi."