Maji ya Kurudisha Maneno

Pikipiki ilikuwa imeshaiacha lami ya Nyahanga ndipo Rhoda akakumbuka kwamba mchele wake umebaki nje, umeanikwa juani. Hakumwambia Abel ageuze. Kuku wakila, wale.

"Nishike vizuri, Mama Nelly. Huku mbele ni makorongo."

"Nimeshika. Wewe nenda."

Abel alikuwa mtoto wa Mwigulu, na Mwigulu ndiye aliyekuwa anakufa.

Mwaka jana, kampeni za udiwani, Rhoda na Mwigulu walisimama kwenye majukwaa mawili, kila mtu akimpigia debe mgombea wa chama chake kwa spika yake. Walibishana juu ya eneo la wachimbaji wadogo mpaka eneo lenyewe likasahaulika. Mwigulu akatangaza kwamba marehemu mume wa Rhoda aliingia duarani, lile shimo la dhahabu lililomfukia, ili apumzike na mdomo wa mke wake. Watu wakacheka. Rhoda akashika kipaza sauti.

"Moyo wako huo, Mwigulu, upasuke kabla masika hayajaisha."

Watu wakacheka tena, wale wa upande mwingine.

Sasa masika yalikuwa katikati, na Mwigulu moyo umevimba, miguu imejaa maji.

Nzengo, ule umoja wa majirani wa kijiji chao, ilikaa ikaamua: aliyesema akayarudishe. Ni jambo la siku zote. Unachukua maji kinywani, unampulizia mgonjwa kifuani, unasema maneno yangu nimeyachukua. Mgonjwa anajibu nimepokea. Yameisha. Lakini akifa bila kujibu, uliyesema unatengwa. Husalimiwi, huombi moto kwa jirani, na siku yako ikifika hakuna wa kukuchimbia kaburi pale kijijini. Rhoda alikuwa na miaka sitini na sita. Mume wake amelala nyuma ya nyumba yao ya kijijini, na pembeni yake aliacha nafasi moja.

"Baba yako dawa anameza?"

"Anameza. Wema mke wangu anampa mkononi, asubuhi na jioni. Wiki ya sita hii. Hasumbui hata kidogo, sema dawa ndizo zimemkataa."

"Na wewe unaamini ni mdomo wangu?"

Abel akapunguza mwendo, akakwepa dimbwi. "Mimi siku ile nilicheka, mama. Mara zote mbili."

Rhoda alikuwa amechoka. Hasira yenyewe ilishaondoka zamani, wala haikumuaga. Alichopanga ni kuyasema yale maneno makavu makavu, apulize maji yake, arudi kwenye mchele.

Walimkuta Mwigulu kitandani sebuleni, uso umeelekea mlangoni. Jilala, mkubwa wa nzengo, alikuwa kwenye kigoda. Wema alisimama na bakuli la maji.

"Mwadila, Baba Abel," Rhoda akasalimia.

"Mwadila. Umekuja kuhesabu kura?"

"Nimekuja kukuona."

"Niangalie basi. Nimekonda kama diwani wako kabla hajachaguliwa."

Rhoda akacheka bila kutaka. Halafu akaiona mikono ya Mwigulu juu ya shuka. Mikono hiyo ilifukua kifusi siku mbili, wengine walipokwisha kukata tamaa, mpaka ikamtoa mume wake akiwa mzima wa viungo, wakamzika kama mtu. Kucha mbili hazikuota tena. Siku ile jukwaani hakuikumbuka mikono hiyo, wala mwenye mikono hakuikumbuka.

Akapokea bakuli. Akapuliza.

"Maneno yangu nimeyachukua. Nimeyachukua yote, Baba Abel. Upone." Na alipolisema hilo la mwisho alishangaa kuona kwamba analitaka kweli.

Nyumba nzima ikangoja. Mwigulu alimtazama, maji yakimchuruzika kifuani, mdomo umefungwa.

"Jibu, Mwigulu," Jilala akasema. "Neno moja tu."

Mwigulu akafumba macho. Akageuzia kichwa ukutani, na mto ukachakacha kama umejazwa mtama.

"Nguvu zimemwisha," Wema akasema.

"Mwacheni apumzike," Rhoda akasema. Akakaa pale mpaka jioni, akimpepea kwa kipande cha boksi. Mwigulu hakufumbua macho.

Alikufa Jumapili, mvua ikinyesha. Nzengo ilimzika vizuri, watu wakajaa mpaka barabarani. Siku ya tatu ya msiba Jilala alisimama akatangaza kwamba Rhoda ametengwa, na hakuna aliyepinga. Abel alihamia machimbo ya Geita, bado yuko huko. Wale wagombea wawili sasa wana karasha moja la kusagia mawe, wameingia ubia. Rhoda amebaki Nyahanga na mchele wake. Nyumba ya kijijini imeinama upande mmoja, na ile nafasi pembeni ya mume wake imeota nyasi.

Wema alimfuata Nyahanga mara moja tu, matanga yalipokwisha, amebeba mfuko wa plastiki. Alikuwa amefumua mto wa marehemu ili auchome, akakuta ndani vidonge vya wiki sita, hata kimoja hakijamezwa.

"Wapelekee nzengo, mama, wajue dawa alizikataa mwenyewe, wakurudishe," alisema.

"Wamemzika kama mtu. Yabaki hivyo," Rhoda alisema, akaupiga mfuko fundo, akauweka chini kabisa ya kabati. Mpaka leo uko hapo.