Nusu Kidonge

Susana alikisukumia kidonge nyuma ya gego la mwisho, akapiga funda la maji, akaachama. Dresa Asheri, msaidizi wa daktari, akachungulia kinywani, akatia alama kwenye karatasi, akasogea kwa mgonjwa mwingine.

Alipogeuka tu, Susana alikitema kiganjani, akakikata kwa meno. Nusu akameza. Nusu akaifunga kwenye pindo la khanga.

Hiyo ya pindoni ilikuwa ya dada yake, Yudith, aliyelala banda la pili.

Walitoka Maore pamoja kwa lori la serikali, mwaka ambao mvua za vuli ziligoma na za masika zikagoma vilevile. Huko kwao watu waliishi kwa unga mweupe wa msaada, na kwa muda mrefu sasa ugonjwa ulikuwa ukiingia nyumba hata nyumba. Nyayo ziliwaka kama mtu aliyekanyaga majivu ya moto, kutwa kucha, mwezi hata mwaka. Elirehema, mume wa Susana, alikuwa hatembei tena. Alijikokota mpaka mlangoni, akashinda pale miguu ikiwa ndani ya sufuria ya maji.

Daktari Mwingereza alikuwa amejenga mabanda mawili ya mabati karibu na stesheni ya Same, akachukua wanawake kumi na wawili, sita kila banda. Alitaka kujua mwili unakitumiaje chakula, kwa nini unawaachia maumivu yasiyokwisha, na kama dawa aliyoileta ingeyaondoa. Kila asubuhi aliwapima uzito. Ugali na maharage vilipita kwenye mizani kabla ya kufika mdomoni. Mkojo ulikwenda chupani, usimwagike hata tone. Siku ya kwanza aliwatembeza peku kutoka nguzo hadi nguzo, yeye akiangalia saa. Yudith alianguka katikati.

"Dawa ikionekana inafaa," Asheri aliwatafsiria, "serikali itaileta mpaka vijijini, kila mgonjwa apewe. Banda hili lina chupa yake, na lile lina yake. Msibadilishane wala msigawane."

"Kwa nini?" aliuliza Naanyu, Mmasai wa banda la kwanza.

"Daktari amekataza."

Wakaambiwa hayo tu.

Siku ya kumi, wanawake wa banda la kwanza walianza kupata usingizi. Susana alikanyaga sakafu akahisi ubaridi wa saruji, akakaa kitandani akalia kwa furaha. Lakini ng'ambo ya pili bado alimsikia dada yake akiugua.

"Mdogo wangu, ninyi mnapewa nini?" Yudith alimuuliza walipokutana kwenye tangi la maji. "Nasikia vidonge vyenu vichungu. Vyetu ni kama kulamba ukuta."

Susana alikaa na neno hilo siku mbili. Siku ya tatu aliwaeleza wenzake. Wengine waliogopa kufukuzwa. Aliyekata shauri ni Naanyu. Ng'ombe wao walikuwa wamekufa wote kwa ukame, naye siku hizi alikula unga kama Mpare yeyote.

"Mimi siwezi kupona huku nikisikia mwenzangu analia," alisema. "Kila mmoja achague wake."

Basi kila mwanamke wa banda la kwanza akamchagua mmoja wa banda la pili. Nusu za vidonge zikapita kwenye tangi, zikifichwa ndani ya nguo za kufua.

Nusu haikutosha vizuri. Jioni nyingine moto ulirudi nyayoni mwa Susana, akajiuma mdomo ili dresa asisikie. Lakini wiki ya tatu Yudith alikuja kwenye tangi bila fimbo, na Susana akaona hakupoteza kitu.

Asubuhi moja Asheri aliinama, akaokota kipande cheupe pale tangini. Akakigeuzageuza.

"Mama Susana," alisema taratibu, "hili nikilisema mtarudishwa nyote."

"Utalisema, mwanangu?"

Asheri alikiangusha kipande, akakisaga kwa kiatu. "Shangazi yangu yuko kijijini Kifaru, hatembei. Dawa hii naisubiri kama ninyi. Poneni tu."

Siku ya mwisho daktari aliwatembeza tena. Mmoja mmoja wakavuka kutoka nguzo hadi nguzo, wote kumi na wawili. Yudith alipofika mwisho alirudi mwenyewe bila kuambiwa, na banda zima likapiga vigelegele. Daktari hakucheka. Aliingia ofisini na karatasi zake, akakaa humo mpaka jua likawa utosini.

Alipotoka, uso ulikuwa umemshuka. Susana akawaza: Amejua. Akaamua palepale: atapiga magoti, atasema kosa ni lake peke yake, wenzake hawamo. Wamfunge wakitaka, mradi dawa imfikie Elirehema.

Daktari alisema maneno machache kwa Kiingereza. Asheri alimsikiliza, akamtazama kama mtu asiyeamini, kisha akainamisha macho. Ndipo akatafsiri.

"Daktari anawashukuru. Anasema hakuna tofauti, mabanda yote mawili mmepata nafuu sawasawa, na vile vidonge vya banda la pili vilikuwa chokaa tupu. Kwa hiyo kilichowasaidia si dawa, ni chakula na mapumziko. Dawa inarudishwa Ulaya, vijijini haitaletwa. Mkifika nyumbani, waambieni watu wenu wale vizuri."