Gitaa Lenye Kiuno Chembamba

Kesho mjukuu wangu angeimba mbele ya majaji, na mimi, mwalimu wake, ndiye niliyepaswa kumchagulia gitaa.

Katika karakana ya fundi wa magitaa, alicharaza kwanza lile kubwa la tumbo pana. Mvumo wake ukanitikisa kifua.

"Mzee, hilo litammeza akiwa mzima," fundi akacheka. "Sauti yake ni laini. Mpe hili dogo, lenye kiuno chembamba. Noti zake za juu ni safi mno."

Mjukuu akagusa uzi mwembamba kabisa. Yeye na fundi wakatabasamu. Mimi niliuona uzi ukitetemeka, lakini sikusikia chochote.

"Rudia," nikaamuru.

Akarudia. Nikaweka kiganja juu ya ubao. Ulikuwa ukitetema kama kifaranga aliyeshikwa mkononi. Jasho likanichuruzika mgongoni.

"Babu, hili linanifaa, sivyo?"

Nikakiondoa kiganja.

"Chukua lile kubwa," nikasema.